Nimekwama wiki tatu kwenye sura ya nyangumi, niruke au nivumilie?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naomba msaada. Nimeanza kusoma Moby-Dick, ile riwaya ya Melville ya wawindaji wa nyangumi, mwanzoni nilikuwa naenda vizuri tu, ile ya msimulizi kulazwa kitanda kimoja na yule mrusha chusa mwenye tatuu mwili mzima nilicheka peke yangu usiku, ila nimefika sura ya 32 mwandishi kaacha stori kabisa, kaanza kupanga aina za nyangumi moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu mali za stoo. Wiki ya tatu hii sijavuka. Rafiki yangu mmoja anasema nikiruka hata sura moja nisije nikasema nimekisoma, mwingine anasema ruka tu mbele kuna raha. Niruke au nivumilie? Na hivi vitabu virefu vyote ndo vilivyo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ruka.

Nimetanguliza jibu kwasababu wiki tatu ni nyingi, kitabu kikishalala muda huo mara nyingi hakiamki tena. Nimeliona hili kwa miaka kwenye makundi ya kusoma niliyokaa nayo, hakuna mtu anayetangaza kwamba ameacha kitabu, anakiweka tu pembeni ya kitanda akisema kesho, juu yake kinakaa kingine, na baada ya muda hata kukitazama anaona vibaya, anaanza kuamini kwamba yeye sio mtu wa vitabu vikubwa, na hapo ndo panaponiuma kuliko hiyo sura yenyewe. Moby-Dick ina sura 135 na tamati fupi. Ukigoma kwenye ya 32 umezipoteza 103 kwa ajili ya moja.

Ila kuna namna ya kuruka, na hapo naomba tukae kidogo, maana huyo rafiki yako wa kwanza ana kitu cha kweli anachokilinda hata kama amekisema kwa ukali, na wa pili naye ana haki yake lakini anaweza kukukosesha kitu kizuri mno bila hata wewe kujua kwamba kilikuwepo.

Ngoja nikuonyeshe kwenye hicho hicho kitabu. Ukisonga mbele utafika sura ya 60, ambayo inahusu kamba. Kamba tu. Hakuna mtu anayepigana humo wala nyangumi anayeonekana, msimulizi anakaa chini anakueleza kamba inayofungwa kwenye chusa, ule mkuki wa kumchomea nyangumi, unene wake theluthi mbili za inchi, urefu wake pima mia mbili na ushee, inavyokunjwa ndani ya pipa duara juu ya duara kwa uangalifu mkubwa, kwasababu ikijisokota hata kidogo basi wakati wa kutoka itaondoka na mkono wa mtu au mguu wake au mtu mzima mzima. Halafu anakuonyesha njia yake, inatoka kwenye pipa inaenda tezi, yaani nyuma ya mashua, inazungushwa kwenye kigingi, inarudi mbele mashua nzima ikilala juu ya mipini ya makasia, inapita katikati ya watu waliokaa wanapiga makasia, mpaka omo, yaani mbele kabisa. Yaani kila mtu kwenye ile mashua amekaa ndani ya kamba. Nyangumi akichomwa akakimbia, kamba nayo inaanza kukimbia, kulia kwako, kushoto kwako, kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na wewe huruhusiwi kuacha kasia.

Sasa mwisho kabisa wa kitabu, sura ya 135, kuna mtu anaondoka kwa hiyo kamba. Sitakutajia nani. Inachukua sentensi chache mno, kamba imekwama, anainama kuikwamua, inakwamuka, mzunguko mmoja unamkamata shingoni na ameshatolewa kwenye mashua kabla wenzake hawajajua kwamba hayupo. Basi.

Kuna kipindi tulikisoma kwenye kundi letu tukafika siku ya kujadili huo mwisho, watu wakagawanyika pande mbili na mimi kwa muda sikuelewa mgawanyiko unatokea wapi. Wengine walikuwa wametulia kabisa, mmoja alisema aliposoma pale aliweka kitabu chini akakaa tu. Wengine wanalalamika kwamba kifo chenyewe kimeandikwa haraka haraka, mtu tumemfuata kitabu kizima halafu anaondoka kwa mistari michache, bila shaka mwandishi alikuwa amechoka. Nikauliza nani aliisoma sura ya kamba. Mikono iliyonyooka karibu yote ilikuwa ya wale waliotulia. Wale wengine walikuwa wameruka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ameruka, walidhani wamepita maelezo tu ya vifaa vya uvuvi.

Melville hakuweza kusimama pale mwisho aanze kueleza kamba inapita wapi, mambo yalikuwa yanaenda mbio. Ilibidi akukabidhi kamba mkononi mapema, sura 75 nyuma, wakati bado una nafasi ya kuchoka. Na hiki ndo kitu nilichojifunza kuhusu sura zinazochosha kwenye riwaya nzito, mara nyingi ni mahali ambapo mwandishi anaweka kitu atakachokuja kukihitaji akiwa na haraka, na wakati anakiweka huwezi kujua, kinaonekana ni mzigo tu.

Mfaransa Victor Hugo anafanya hivyo hivyo kwenye riwaya yake Les Misérables, ya mwaka 1862. Sehemu ya pili inaanza, wahusika umewaacha pabaya, unataka kujua yaliyowapata, ghafla anakupeleka kwenye mapigano ya Waterloo ya mwaka 1815, yale yaliyomshinda Napoleon, sura 19 mfululizo, kikosi gani kilikuwa kilima gani, mvua ya usiku uliotangulia ililainisha ardhi mizinga ikachelewa, na kadhalika. Watu wengi wanaruka zote kwa mkupuo. Nawaelewa. Lakini 18 za kwanza ni vita na ya 19 ni uwanja ule ule usiku, vita imeisha, maiti zimelala, kuna mwizi anapita akivua watu pete na saa. Anamvuta ofisa mmoja kutoka kwenye rundo ili amkague vizuri, yule ofisa anapata fahamu, anadhani ameokolewa, anauliza jina la mwokozi wake. Mwizi anataja jina. Deni linalozaliwa kwenye hizo kurasa chache linamfuata mtoto wa yule ofisa mpaka mwishoni mwa riwaya, na ukiwa umeruka utamshangaa kijana wa watu anamheshimu mtu mbaya vile kwa sababu gani. Kwahiyo mtu akiniambia Waterloo imemshinda namwambia sawa, ruka 18, soma ya 19.

Na mimi mwenyewe liliwahi kunigharimu, nakusimulia kwasababu ndo lililonibadilisha. Nilisoma riwaya ya Mrusi Dostoevsky ya ndugu wa Karamazov, ile iliyokamilika mwaka 1880, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kitabu cha tano ndani yake Ivan, mmoja wa hao ndugu, anamweleza mdogo wake kuhusu mateso ya watoto kama mashtaka dhidi ya Mungu, kisha anamsimulia kisa cha yule Mkuu wa mahakama ya dini, nilisoma ile sehemu nikitetemeka. Kitabu cha sita kinachofuata ni maisha na mafundisho ya mzee Zosima, mtawa, maneno mengi ya upole, hakuna tukio linalosukuma stori mbele, nikaruka chote. Kwa miaka baada ya hapo nikawa nawaambia watu, tena kwa kujiamini, kwamba Dostoevsky alimwachia Ivan ushindi. Kumbe mwandishi alikiandika hicho cha sita kama jibu la cha tano, alilisema hilo kwenye barua zake wakati anakiandika. Nilisikia mashtaka nikatoka mahakamani kabla ya utetezi, halafu nikaenda kutangaza hukumu. Unaweza kusoma cha sita na bado ukaona Ivan ana nguvu zaidi, wapo wengi wanaoona hivyo na wana hoja zao, lakini mimi sikuwa na haki ya kusema kitu maana sikusikia.

Utaniuliza sasa kwanini nimekwambia ruka.

Kwanza kwasababu kuruka sio dhambi mpya iliyoletwa na simu kama watu wanavyopenda kusema. Sehemu ya kwanza ya Don Quixote, riwaya ya Mhispania Cervantes, ilitoka mwaka 1605 na ndani yake kuna hadithi ndefu isiyomhusu Don Quixote kabisa, ya mume aliyetaka kuujaribu uaminifu wa mkewe. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 1615 wahusika wenyewe wanalijadili lalamiko la wasomaji kuhusu hiyo hadithi, na ukifika sura ya 44 unaelezwa kwamba watu wengi kwa hamu yao ya vituko vya Don Quixote wangezipita hadithi za namna hiyo kwa haraka au kwa kuudhika, ndo maana safari hii hazikuwekwa. Yaani Cervantes alijua kabisa kwamba tunaruka, miaka mia nne iliyopita, na hakututukana, alibadilisha namna ya kuandika.

Mrusi Tolstoy naye. Tamati ya Vita na Amani ina sehemu mbili, ya kwanza bado uko na watu uliowazoea, ya pili ni makala ndefu kuhusu historia na utashi wa binadamu, hakuna mhusika hata mmoja. Riwaya ilikamilika kutoka mwaka 1869. Kwenye toleo la mwaka 1873 Tolstoy mwenyewe alizitoa zile sehemu za falsafa ndani ya hadithi, nyingine akazifuta na nyingine akazipeleka nyuma kama kiambatisho, baadaye zikarudishwa kwenye matoleo yaliyofuata. Kwahiyo msomaji anayefunga kitabu mwisho wa sehemu ya kwanza ya tamati anafanya kitu ambacho kuna wakati mwandishi mwenyewe alikikubali. Sizidharau hizo kurasa, mimi nazipenda, ila siwezi kumwambia mtu aliyelia na kucheka na wale watu kurasa elfu moja na zaidi kwamba hajasoma kwasababu ya makala ya mwisho.

Na wapo walioiweka ruhusa wazi wazi. Mwargentina Julio Cortázar kwenye riwaya yake Rayuela ya mwaka 1963 alikwambia mwanzoni kabisa kwamba kitabu kina sura 155, unaweza kusoma mpaka ya 56 ukaishia hapo bila majuto, au ufuate jedwali linalokurusha huku na huku.

Sababu ya pili ndo kubwa zaidi. Daniel Pennac, mwandishi Mfaransa aliyekuwa mwalimu wa sekondari, mwaka 1992 aliandika kitabu kuhusu haki za msomaji, na haki ya pili kwenye orodha yake ni kuruka kurasa. Anasimulia kwamba Vita na Amani aliisoma mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu, akifuata mapenzi ya Natasha, msichana wa humo, mengine mengi akayapita. Na cha ajabu anatoa mfano wa hiyo hiyo Moby-Dick yako, kwamba kijana akichoshwa na vifaa vya kuvulia nyangumi bora aruke mwenyewe kuliko kuacha, maana asiporuka yeye wengine watamrukia, watamtengenezea toleo fupi waliloamua wao. Hilo la mwisho nalishika sana. Ukiruka mwenyewe, kile ulichoruka bado kipo mkononi mwako, unajua kiko wapi, unaweza kurudi. Kwenye toleo lililofupishwa hujui hata nini kimeondolewa wala nani kakiondoa, na kamba ya sura ya 60 ndo aina ya kitu ambacho mfupishaji anakitupa wa kwanza kabisa.

Sasa namna ya kufanya. Kabla hujaruka chochote jiulize kwanza nani kachoka. Mara nyingi sana mtu ananiletea kilio kuhusu sura fulani, nikimuuliza anasoma saa ngapi ananiambia saa sita usiku akiwa kitandani baada ya kazi, kurasa nne nne, anasinzia, kesho anaanza aya ile ile. Huyo sura haijamkosea. Ahamishe kusoma asubuhi hata dakika ishirini kwa siku tatu, bila simu karibu, ndo arudi aniambie. Wengine tatizo lao ni majina, hasa riwaya za Kirusi, mtu mmoja anaitwa Dmitri huku, Mitya kule, na jina la baba yake mahali pengine, wewe unadhani watu wameongezeka, unachanganyikiwa, unaita kuchanganyikiwa huko kuchoka. Chukua kikaratasi kiwe ndo alama yako ya ukurasa na uandike humo kila mtu na majina yake yote, baada ya sura kumi hutakihitaji.

Kama sio usingizi na sio majina, angalia kama sura imebadilika kuwa kitu kingine. Hapo ndo ulipo wewe. Miguu yako imezoea mwendo wa stori, ghafla njia imekuwa somo la sayansi, na unaendelea kusoma kwa mwendo ule ule ukisubiri kitu kitokee, hakitokei, unaumia. Badilisha mwendo. Soma ukurasa wa kwanza wa sura taratibu, kisha nenda ukurasa wa mwisho uusome taratibu vile vile, halafu katikati pita juu juu ukisoma mstari wa kwanza wa kila aya. Simama kwa mambo mawili tu, ukiona jina la mhusika unayemjua, au ukiona kitu chochote kinaelezwa kinavyofanya kazi, kinavyoshikwa na kinavyofungwa na kinavyoweza kuua. Mwandishi anayekufundisha kutumia kitu ana sababu, hiyo usiiruke.

Ukishapita weka alama ya penseli pembeni, andika tarehe kama unapenda. Alama ni muhimu kuliko unavyofikiri, wale wenzangu wa kamba shida yao haikuwa kuruka, shida ni kwamba walisahau kwamba wameruka, kwahiyo mwisho uliposhindwa kuwagusa wakamlaumu mwandishi. Wangekuwa na alama wangejua pa kurudi kutafuta. Wazee wa baharini walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye kusoma ni hivyo hivyo, ukimaliza kitabu rudi kwenye zile alama zako. Utashangaa. Sura iliyokuwa jiwe sasa inasomeka nusu saa, kwasababu mara ya kwanza ulikuwa unaisoma ukiwa na swali la nini kitatokea na sasa unajua kilichotokea, akili imetulia, unaanza kuona. Roland Barthes, mhakiki Mfaransa, aliandika mwaka 1973 kuhusu Proust, mwandishi wa riwaya ndefu mno, kwamba kila ukimrudia huruki sehemu zile zile, na mimi nimelithibitisha kwa vitabu vyangu mwenyewe, alama za penseli za zamani hazilingani kabisa na mahali ninapochokea leo.

Kuna njia nyingine, kama kitabu kipo cha kusikiliza basi sura za namna hiyo zisikilize ukitembea au ukifua, sauti ya mtu inabeba maelezo marefu vizuri kuliko jicho lililochoka. Muhtasari wa intaneti tumia baada ya kuruka, usome sura uliyoiruka tu, usije ukasoma ya mbele.

Ila kuna mahali siruki na sikushauri uruke. Mwisho wa kitabu, hata uwe unaonekana kama nyongeza. Hiyo hiyo Moby-Dick ilipotoka London Oktoba 1851, kabla ya toleo la Marekani, ile tamati fupi haikuwemo, na wahakiki wakamshukia Melville, wakauliza sasa kama mambo yameishia vile, huyu anayetusimulia kasimulia kutokea wapi? Tamati yenyewe haizidi ukurasa mmoja hivi, na inajibu swali hilo hilo. Hebu fikiria, ukurasa mmoja umekosekana na watu wakaona riwaya nzima ina kasoro. Kwahiyo kurasa za mwisho ziheshimu.

Pia riwaya ambazo ugumu wake hautokani na urefu. Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, haifiki kurasa mia, na imewatoa jasho wasomaji wetu wengi kuliko riwaya za kurasa mia nane. Humo kuruka hakusaidii kwasababu hakuna uzi wa stori unaoukimbilia mbele ukaudaka, kila ukurasa ni picha inayosimama yenyewe, ukiruka unatua kwenye giza jingine. Vitabu vya aina hiyo dawa yake ni kukubali kutoelewa kwa muda, soma kwa sauti, endelea, rudia.

Na kama unafanya mtihani, au unaandika uhakiki watu wausome wakuamini, au unafundisha, hapo huna ruhusa, soma yote. Nasema hivi kwa sababu ya kile kilichonikuta na Zosima.

Umeuliza kama vitabu virefu vyote viko hivi. Hapana, na sio kila sura inayochosha ina kamba ndani yake, tusidanganyane. Waandishi wakubwa wameandika sura dhaifu. Riwaya nyingi za karne ya 19 zilitoka vipande vipande, vipande vya mwezi vya Mwingereza Dickens kwa kawaida vilikuwa kurasa 32 na lazima zijae, iwe mwandishi ana la kusema mwezi huo au hana, kwahiyo unakuta mahali mhusika wa pembeni anaongea na kuongea. Hizo ukishazitambua pita nazo, hutapoteza kitu. Utazitambua kwa kuwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa sura vinakuacha pale pale, hakuna kitu kipya ulichopewa kushika.

Rafiki yako mwambie hivi, ukimaliza, nimesoma ila sura fulani na fulani nilizipita na nitazirudia. Ni sentensi ya kweli, na ni wasomaji wachache wanaoweza kuisema wakiwa na namba za sura kichwani. Kama naye amezisoma zote muulize mwisho wa sura ya 32 unasema nini, sio kwa kumkomesha, muulize kwasababu ni mazungumzo mazuri sana ya kuwa nayo na mtu.

Maana hiyo sura yako nayo ina kitu. Anawapanga nyangumi kama vitabu vya maktaba kwa ukubwa wa karatasi, wakubwa, wa kati, wadogo, 14 kwa jumla, na katikati hapo ukipita juu juu stori haitakudai chochote. Lakini aya ya mwisho anasimama ghafla anaacha kazi bila kuimaliza. Anaitaja Cologne, lile kanisa kuu ambalo wakati anaandika mnara wake ulikuwa haujaisha na winchi bado imesimama juu yake, anasema majengo makubwa ya kweli huacha jiwe la mwisho kwa watakaokuja, anamwomba Mungu amwepushe na kumaliza kitu chochote, na kwamba kitabu chake chote ni rasimu tu, tena rasimu ya rasimu. Nilipofika pale mara ya pili ndo nikaelewa kwamba orodha yote ile ni ya mtu anayejaribu kumshika nyangumi kwa maneno akashindwa, wakati kwenye merikebu ile ile kuna mtu anayetaka kumshika kwa chuma.

Basi leo fanya hivi. Fungua sura ya 32, soma kurasa mbili za mwanzo, soma aya ya mwisho hiyo niliyokwambia, weka alama ya penseli, funga hesabu nayo. Ya 33 ni fupi na nayo ina maelezo, ipitie. Ya 34 ni watu wanakula mezani na nahodha, ya 35 ni mlinzi aliyesimama juu ya mlingoti anasahau kazi yake kwa mawazo, nzuri sana hiyo, usiiharakishe. Halafu ya 36 nahodha anawaita wote sitahani, anachukua nyundo, anapigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti na kuwaambia wamekuja baharini kufanya nini hasa. Wiki tatu zote ulikuwa umekaa sura nne tu kabla ya hapo. Ukishaisoma niandikie.